Ikupa wa Nanyala na Betri Waliyoipasua kwa Shoka

Ikupa alikuwa haruhusu mafuta ya taa yavuke kizingiti cha nyumba yake. Ukimtembelea jioni na koroboi mkononi, alikuambia uizime huko nje, uiache juu ya jiwe, ndipo uingie. Sisi majirani zake wa Nanyala tulikwisha kumzoea. Wageni walidhani ni ukali. Haukuwa ukali. Mwaka 1991 mumewe, Osea, alirudi amelewa, akakuta ugali haujaiva, akanyanyua koroboi inayowaka akamrushia. Moto ulimshuka kutoka sikioni mpaka begani. Mimi ni mmoja wa wanawake tuliompaka asali usiku ule, naye hakulia, alikuwa anauliza tu kama mtoto wake Tumpe ameungua. Tumpe hakuungua. Lile kovu lilibaki limejikunja shingoni kwake, na kwa sababu hiyo alipogeuka kukutazama aligeuka na mabega yote.

Osea alikufa miaka mitano baadaye, jiwe lilimwangukia kwenye machimbo ya chokaa. Sitasema ni adhabu, Mungu ndiye ajuaye. Arobaini ilipopita, shemeji yake alikuja kumrithi yeye pamoja na ile nusu eka ya kahawa. Ikupa akamwambia, "Shemeji, wewe nakuheshimu, lakini ndani ya mlango huu hulali." Shemeji alimpiga kwa mpini wa jembe mbele ya watu, mchana kweupe, na wanaume walisimama wakitazama kwa kuwa ni mambo ya ukoo. Alipigwa siku ile, akapigwa na siku nyingine mbili, akabaki ndani ya nyumba yake. Shemeji akachoka, akahamia Chitete kulima ufuta.

Kuanzia hapo Ikupa alipalilia kahawa yake asubuhi, na mchana akagonga kokoto. Kokoto ni kazi ya kupigana. Unakaa chini, jiwe katikati ya miguu, unapiga mpaka linakubali, na likipasuka vibaya linakuchana uso. Usiku alikaa na mwanga wa mafiga tu. Tumpe alisoma hivyo mpaka darasa la saba, amejiinamia motoni, macho mekundu, halafu akaolewa Ndalambo. Mama yake akabaki peke yake na giza lake.

Mwaka 2010, baada ya kuuza kahawa, alisafiri kwenda Tunduma. Tulidhani amefuata vitenge vya Zambia. Alirudi na paneli ndogo ya sola imefungwa ndani ya blanketi, taa tatu, kile kisanduku wanachokiita kontrola, na betri ya N50 ambayo kondakta wa basi alikataa kuiweka juu, ikabidi aipakate yeye mwenyewe mpaka nyumbani.

Aliyemuuzia alikuwa fundi Watson, Mzambia wa Nakonde mwenye kibanda upande wetu wa mpaka. Ikupa alitusimulia mara nyingi namna alivyomfundisha.

"Bamayo," Watson alimwambia, maana huko kwao mama huitwa hivyo, "wewe unataka betri iishi au unataka kuionyesha watu?"

"Nataka iishi."

"Basi ishike kama mgonjwa wa tumbo. Usiichoshe mpaka mwisho. Hii taa ndogo ya kontrola ikiwa nyekundu, lala. Usibishane nayo. Mwezi ukiisha unafungua hivi vifuniko sita, unachungulia. Maji yakishuka yakaacha vyuma wazi, unaongeza. Unaongeza maji ya betri, siyo asidi! Asidi haikauki, maji ndiyo yanakauka. Wangapi hapa Tunduma wameua betri zao kwa kuongeza asidi!"

"Na nikikosa hayo maji ya betri?"

"Kinga mvua. Lakini isiguse bati, isiguse udongo. Beseni la plastiki, katikati ya uwanja. Na usiinamie ukifungua. Yale ya ndani yanakula nguo, yanakula ngozi, yakiingia jichoni usitafute hospitali kwanza, tafuta ndoo ya maji. Mwaga, mwaga, mwaga!"

Ikupa hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini aliyashika maneno ya Watson kama alivyoshika amri kumi. Betri aliiweka juu ya ubao, mbali na kitanda, akaichimbia tundu la hewa ukutani. Kila Jumamosi aliitoa nje, akafuta vichwa vyake kwa kitambaa, akavipaka grisi. Mvua ya kwanza ikisafisha anga, zilizofuata alizikinga kwa beseni lililokaa juu ya kigoda katikati ya uwanja, yeye mwenyewe amesimama kibarazani amejitanda kitambaa chake cheupe cha kanisani asilowe. Akachuja, akahifadhi kwenye chupa. Na kila akiongeza maji aliimba tenzi kwa sauti ndogo, kwa kuwa wimbo ulimsaidia kumimina polepole. Saa tatu usiku alizima. Miaka minne betri ile ile ikawaka.

Sasa jirani yake wa ng'ambo ya michongoma alikuwa Damiano. Kijana mchangamfu, mcheshi, mwenye pikipiki, na mke mpole aitwaye Getruda. Yeye alifungua kibanda cha kuonyesha mpira. Alinunua betri kubwa, N200, inayobebwa na watu wawili, na inveta ya kugeuza umeme wa betri, na televisheni pana kama meza. Paneli akanunua ya wati themanini tu. Ng'ombe mkubwa, majani kiganja kimoja. Watu walijaa kwake kuliko ibadani.

Mwaka haukwisha, betri ikawa inazima kabla ya saa. Kontrola iliwasha taa nyekundu, ikakata, wateja wakazomea. Siku moja, goli likiwa karibu, ikakata tena. Wanaume wakapiga kelele, "Ing'oe hiyo takataka! Unga dairekti!" Mmoja akampa koleo. Damiano akaing'oa kontrola, akaunganisha waya kwa waya, na mpira ukarudi, wakamnyanyua mabegani. Tangu siku hiyo inveta ikilia kuomba huruma, aliifunika kwa koti lake asisikie. Na siku asizoonyesha mpira, jua liliichemsha betri kutwa nzima bila kizuizi, hakuna aliyeichungulia maji.

Ikafa. Akanunua nyingine, nayo ikaanza kuugua miezi ile ile. Ndipo akaanza kutazama ng'ambo ya michongoma.

"Hebu niambieni," aliwauliza wateja wake. "Mimi nina betri kama jeneza, saa moja tu chali. Yule bibi ana kibetri kama redio, mwaka wa nne huu. Umeme wake anautoa wapi?"

Mtu akajibu kwa utani, "Anakuchota wewe. Chuma ulete hiyo."

Wakacheka. Lakini chuma ulete si jambo la kuchekwa kwetu. Watu wanaamini kabisa kwamba mtu anaweza kuvuta pesa kutoka droo ya mwenzake bila kuigusa. Sasa wakaona kwamba kama pesa inavutwa, umeme nao utashindikana nini? Damiano akaenda kwa mganga mmoja bondeni, akarudi na jibu kwamba anayemnyonya ni mwanamke jirani mwenye alama ya moto. Kwa hiyo kila alichokuwa akifanya Ikupa kikageuka. Kukinga mvua kwenye beseni amejitanda nyeupe: uchawi. Kuimba huku anamimina kwenye betri: anaisemesha. Tundu la ukutani: ndiko umeme unakoingilia.

Nilimwonya. "Dada Ikupa, imba ndani ya moyo. Watu wanakutazama vibaya."

Akageuka na mabega yote. "Mdogo wangu, nimeimba nikipigwa na Osea. Leo niache kuimba kwa ajili ya Damiano?"

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, mwaka 2014. Mawingu yalishuka mapema, na sisi wanawake wanne wa kanisa tulikuwa kwa Ikupa kwenye maombi, kwa hiyo alituwashia taa kabla jua halijazama. Ng'ambo tulisikia kibanda kinanguruma. Mara ukimya. Mara kelele nyingine, za matusi, na madawati yanapinduliwa. Televisheni ilikuwa imezima kipindi cha pili, na watu walikuwa wamemkaba Damiano shingoni wakitaka kiingilio chao. Mmoja wao akanyoosha kidole juu ya michongoma.

"Tazameni! Kwako giza, kwake taa! Tena mchana!"

Walikuja kama thelathini. Walipita kwenye michongoma kama haina miiba. Mlango wa Ikupa haukufunguliwa, uling'oka. Wenzangu wawili walitoka wakipiga mayowe, wa tatu akapigwa kofi akaanguka chini ya meza. Mimi nilikimbilia kwenye kahawa nikalala kifudifudi, na huko ndiko nilikoyaona yote haya. Nimeshatubu, lakini sikuyaona nikiwa nimesimama kando yake, na lazima niseme hivyo.

Walimburuta nje kwa kumvuta miguu, kichwa kikigonga ngazi. Kitambaa cheupe kilibaki mlangoni. Fimbo zilikuwa nyingi mpaka zikawa zinagongana zenyewe. "Sema umeweka wapi umeme wa watu!" "Mchawi! Onyesha shingo yako, onyesha ulikochomwa na wenzako!" Kijana mmoja alikuja na nondo. Ikupa alipoinua mkono wa kulia kujikinga, nondo ikatua chini ya kiwiko, na nilisikia mfupa ukivunjika kutoka pale kwenye kahawa. Mkono ukaning'inia kwa namna isiyo ya mkono. Mwingine akachomoa mpira wa mafuta wa pikipiki yake, akakinga petroli kwenye kopo la rangi.

"Subirini," Damiano akasema. Alikuwa anahema, shati limechanwa. "Kwanza nitoe kilichomo ndani. Tukimchoma kabla, umeme wangu nao unapotea."

Akaingia, akatoka na ile N50 mikononi, waya zikiburuta taa nyuma yake. Akaitupa katikati ya uwanja. Akaomba shoka.

Ikupa alikuwa amelala ubavu, damu imemjaa mdomoni. Alipoona shoka, ndipo alipopiga kelele kwa mara ya kwanza. "Damiano! Mwanangu, usiipige! Itakuunguza macho!"

"Mnasikia?" Damiano akawageukia watu. "Anatishia. Kuna kitu humo."

"Ni maji makali, mwanangu! Fungua vifuniko tu utaona, usipige!"

"Pasua!" wakaimba. "Pasua! Pasua!"

Akapiga. Pigo la kwanza liliteleza. La pili aliliinamia kwa nguvu zake zote, na betri ikapasuka, na kile kilichokuwa ndani kikaruka moja kwa moja usoni kwake.

Sijapata kusikia sauti ile kutoka kwa mwanaume. Alijikwarua macho kwa kucha, akakimbia bila kujua anakokwenda, akaligonga banda la kuku, akaanguka, akaamka, akaanguka. Shati lake kifuani likaanza kufanya matundu. Watu walirudi nyuma. Halafu mmoja akapaza sauti, "Kamlipua! Kamroga mbele yetu!" Yule wa petroli akamwaga nusu ya kopo juu ya mgongo wa Ikupa, akaanza kupapasa mifuko kutafuta kiberiti.

"Maji," Ikupa alikuwa anasema. "Mmwagieni maji. Mengi. Machoni."

Hakuna aliyesogea. Nani atashika maji ya mchawi? Akaanza kutambaa kwa mkono mmoja kuelekea kwenye ndoo zake za kibarazani. Mtu akampiga teke la mbavu, akalala kidogo, akaendelea kutambaa. Aliifikia ndoo ya kwanza akaivuta kwa meno na mkono, ikamwagika yote.

Hapo akaja Getruda. Alipita katikati ya wanaume kama hawapo, akanyakua ndoo ya pili, akamkalia mumewe kifuani kama anakalia mbuzi wa kuchinjwa, akambana kichwa kwa magoti.

"Nifanye nini, mama Tumpe?"

"Mfumbue macho kwa vidole. Mwaga. Usiache."

Akamwaga. Damiano akampiga ngumi za tumboni kwa maumivu, naye akaendelea kumwaga. "Leteni nyingine!" akapiga kelele. "Mwenzenu anaungua, nyie mmesimama mnasema uchawi!" Mtoto wa kike mmoja akaleta ya tatu. Ndoo saba, nilizihesabu.

Yule wa kopo akasema, "Huyo bibi bado."

Getruda akasimama, amelowa, akashika kitenge chake akakinyoosha mbele ya macho ya yule wa kopo. Kilikuwa na matundu kama chujio. "Hiki kimeliwa na betri ya kwetu, nilipokuwa nafagia chini yake. Ya kwetu! Nani aliniroga mimi? Njooni hapa." Wakasita. "Njooni! Au mnaogopa na nyumba yangu?"

Akawaongoza kupitia pale walipobomoa michongoma, na ya huko nimeyapata kwake mwenyewe. Wakaitoa ile N200 nje, wawili wakiibeba. Getruda akafungua vifuniko kimoja kimoja kwa shilingi, akamulika kwa simu. Watu wakainama. Ndani vyuma vilikuwa wazi, vimekauka, vimepauka kama majivu, hakuna hata unyevu.

"Maji yako wapi?" mmoja akauliza.

"Yamechemka yakaisha. Mume wangu hajawahi kuichungulia tangu aiweke. Na kile kidude cha kuzuia kiko wapi? Nyie mnakijua." Akamtafuta mtu kwa macho, akamwona. "Wewe. Si ndiye uliyempa koleo? Na wewe si ulimbeba mabegani? Mlitaka goli, mkalipata. Sasa mnamuua nani?"

Wakaanza kuondoka kama watu wanaotoka msibani, mmoja mmoja, kila mtu akitazama viatu vyake. Yule mwenye petroli alirudi kwenye pikipiki yake, akafungua tenki, akaimimina ile iliyobaki humo polepole, kwa uangalifu sana, isimwagike hata tone.

Mimi nilitoka kwenye kahawa wakati huo. Tulimvua Ikupa nguo zile zenye petroli, tukamfunga mkono kwa vijiti vya mibuni, na usiku ule ule gari la mahindi likawabeba wote wawili kwenda hospitali Mbeya, yeye na Damiano, wamelala pamoja juu ya magunia. Dereva alisimulia kwamba njia nzima Damiano aliuliza, "Nani huyo anayelia?" wala hakujua kwamba ni Ikupa ubavuni mwake.

Ikupa alirudi baada ya wiki tatu. Mkono uliunga vibaya, umepinda nje, vidole viwili havifungi. Kokoto zikaishia hapo. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Nathanaeli, aliitisha kikao akasema maneno ya upole. Alimwomba Ikupa ahamie kwa Tumpe kule Ndalambo, kwa amani ya wote, kwa kuwa vijana wana hasira bado na polisi hawakupata shahidi hata mmoja.

Ikupa akasimama. "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Kuna mtu hapa niliyemwibia?"

"Hakuna, mama."

"Kuna niliyempiga?"

"Hakuna."

"Basi anayetaka amani ahame yeye." Akakaa.

Mimi nilinyoosha mkono kikaoni, nikasema nitatoa ushahidi. Getruda naye akanyoosha. Wengine walitazama dari. Lakini ilisaidia kidogo, maana tangu siku ile hakuna aliyetamka tena neno la kuhama.

Mwezi Juni Damiano aliruhusiwa hospitali, jicho moja limefunikwa na utando mweupe, la pili linaona. Alipoambiwa kwamba mkewe amemsema mbele ya watu na yuko tayari kwenda polisi, alimpiga kwa mkanda wa kufungia mizigo kwenye pikipiki mpaka mkanda ukakatika. Getruda alivuka michongoma na nguo alizovaa. Ikupa alimpa kitanda, yeye akalala kwenye mkeka. Hawakuwa na taa. Walikula kabla jua halijazama, wakasali gizani.

Siku ya tatu, asubuhi, Damiano akaja. Nilikuwepo, tulikuwa tunafunga vikapu kwenda kuchuma kahawa ya Ikupa, maana yeye mwenyewe hakuweza tena kuvuta matawi. Damiano akasimama pale mlango ulipokuwa, sasa pana gunia tu.

"Mama Tumpe. Nimemfuata mke wangu."

Ikupa alikuwa ameziba nafasi yote ya mlango, ule mkono uliopinda ameushika kwa mwingine. Damiano angemsukuma kwa kidole. "Yuko ndani," akamwambia. "Muulize yeye. Mimi sisogei hapa mpaka ajibu."

"Nipishe nimuulize ndani."

"Anasikia vizuri kutoka huko."

Nilikuwa nimeshika kikapu kwa mikono miwili, na safari hii sikuangalia njia ya kwenda kwenye mibuni. Damiano alimwangalia Ikupa kwa jicho lake moja muda mrefu. Kisha akainama kidogo upande, akaita. "Getruda! Twende nyumbani."

Sauti ya Getruda ikatoka nyuma ya gunia. "Siendi, Damiano. Nitakula hapa, nitalala hapa. Ukitaka kunipiga, uanze na huyu aliyekuachia hilo jicho moja."

Ikupa hakusogea. Nilihesabu pumzi zake, shingo ile yenye kovu ikipanda na kushuka. Hatimaye Damiano akapangusa chozi lililokuwa likitoka kwenye jicho bovu, akageuka, akaondoka kwa njia kuu, akizunguka mbali, bila kupita kwenye michongoma.

"Ameenda?" Getruda akauliza.

"Ameenda," Ikupa akasema. "Toka sasa unifunge kitambaa, mkono wangu haufiki. Kahawa inaanguka."